Kuchagua jukwaa la kuweka jalada la kazi zako za sanaa mtandaoni

Kabla ya kulinganisha bei na mwonekano wa majukwaa, mchoraji anapaswa kujiuliza ni nani hasa atakayelifungua jalada lake la kazi, yaani potifolio. Mchoraji wa mtindo wa Tingatinga aliye Oysterbay, Dar es Salaam, anamtarajia mgeni aliyenunua picha moja, akarudi kwao, na miezi kadhaa baadaye akatamani nyingine ya mkono uleule. Kijana wa Nairobi anayechora wahusika wa michezo ya kompyuta anamtarajia msimamizi wa studio ambaye huenda hawataonana ana kwa ana. Mwingine anaandaa maombi ya nafasi ya kufanyia kazi katika kituo cha sanaa kama Nafasi Art Space, ambako waamuzi hupitia kazi za waombaji wengi kwa mfululizo. Watu hawa watatu hawatafuti mambo yaleyale, na jukwaa linalomfaa mmoja linaweza kumpotezea mwenzake muda.

Kwa kijana wa michezo ya kompyuta jibu ni jepesi: ArtStation ndiko watu wa fani hiyo wanakokwenda kutazama kazi. Behance, inayomilikiwa na Adobe tangu mwaka 2012, inawafaa zaidi wasanifu wa nembo, vitabu na matangazo, kwa kuwa kila mradi hupewa ukurasa wake ambamo msanifu anaweza kuonyesha rasimu, hatua za kati na kazi iliyokamilika, tena bila malipo. DeviantArt, iliyoanza mwaka 2000, ina jamii kubwa ya wachoraji wanaotazamana na kushauriana, ila sijaona kwamba ndipo mnunuzi wa picha ya ukutani anapoanzia safari yake. Nje ya majukwaa hayo ya pamoja kuna huduma za kujijengea tovuti yako mwenyewe, kama WordPress, Wix na Squarespace; na anayelipia tayari programu za Adobe Creative Cloud achunguze Adobe Portfolio, ambayo huja pamoja na malipo hayo.

Instagram naizungumzia peke yake, kwa sababu wachoraji wengi wa kwetu hawana kingine. Ni mlango mzuri wa kuwakaribishia watu, lakini haitoshi kuwa ghala. Kwa kawaida picha hujipanga kwa tarehe, si kwa maana. Kazi ya miaka mitatu iliyopita, hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote, imezama chini kabisa. Na mgeni asiye na akaunti mara nyingi hutakiwa aingie au ajisajili kabla hajatazama sana. Iache iendelee kufanya kazi yake ya kuita watu, kisha kwenye maelezo ya akaunti yako weka kiungo kinachowapeleka mahali ambapo kazi zako zimepangwa kwa utaratibu uliouchagua wewe.

Jukwaa lolote la mtu mwingine ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha masharti au kufunga mlango. GeoCities, huduma ya kujijengea tovuti bure, ilifungwa mwaka 2009, na mtandao wa kijamii wa Google+ mwaka 2019. Flickr, jukwaa la kuhifadhi picha, baada ya kununuliwa na kampuni ya SmugMug mwaka 2018, ilitangaza kwamba akaunti za bure zisizidi picha 1,000, na wenye picha nyingi zaidi wakalazimika kulipa au kuhamisha mali yao. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba kitu cha kwanza kulipiwa kiwe jina la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe inayoishia kwa .com, .co.tz au .co.ke. Ukiwa na jina lako, unaweza kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine na anwani iliyochapishwa nyuma ya picha zako ikaendelea kufanya kazi. Mipango ya bure ya Wix na WordPress.com hukupa anwani yenye jina la kampuni ndani yake, na ukurasa wako unaweza kubeba matangazo yao; inatosha kwa kujifunzia, lakini usiichapishe kwenye kadi.

Jina hilo la kikoa lisajiliwe kwa majina yako na baruapepe yako. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwani mchoraji mmoja niliyekuwa nikimsaidia alimwachia fundi wa kompyuta kazi nzima ya usajili. Fundi alitumia baruapepe yake, akahamia mkoa mwingine, na notisi za kulipia upya zikawa zinamfikia yeye peke yake. Tuligundua siku mnunuzi wa zamani alipopiga simu kuuliza kwa nini anwani iliyo nyuma ya picha yake inafungua ukurasa unaosema jina hilo linauzwa. Mamia ya kadi yalikuwa yamekwisha kugawiwa, na mengine yakiwa mikononi mwa watu wasioweza kupatikana tena.

Kuhusu bei, tazama gharama ya mwaka wa pili, si ya mwaka wa kwanza tu, kwa kuwa punguzo la kuanzia huisha na kadi yako huendelea kukatwa kwa dola. Hakikisha pia kwamba huduma inakubali kadi uliyo nayo. Ikiwa unataka kuuza moja kwa moja, uliza kama malipo yanaweza kukufikia katika nchi yako, maana zipo huduma zinazokuruhusu kulipa bila kukuruhusu kupokea. Kwa anayeuza picha mojamoja, kwa maoni yangu, duka kamili halihitajiki: kitufe cha WhatsApp na anwani ya baruapepe vinatosha, kisha bei, usafirishaji na njia ya malipo vizungumzwe na mnunuzi mwenyewe.

Jambo linalotenganisha majukwaa kwa haraka zaidi ni namna yanavyoitendea picha yenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo unaoitwa kwa jina lake, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli, juu ya hadibodi. Na mng'ao huohuo unaoipendezesha picha ukutani ndio unaoiharibu mbele ya kamera. Simamisha ubao wima kwenye kivuli cha baraza, asubuhi, uzime taa ya simu, na uishike simu sambamba na ubao ili kingo zisipinde. Vaa nguo nyeusi au tundika shuka jeusi nyuma yako, kwa sababu shati jeupe la mpigapicha huonekana waziwazi ndani ya rangi nyeusi ya mgongo wa nyati. Ukishapata picha safi, ipakie kwenye majukwaa mawili unayoyafikiria, uitazame kwa kuvuta karibu: je, nukta ndogo za manyoya ya kanga bado ni nukta, au zimeyeyuka kuwa doa? Tazama pia kurasa za orodha, kwani baadhi ya majukwaa hukata kila picha iwe mraba, na ubao mrefu wa twiga hubakiwa na shingo bila kichwa. Jukwaa lisilokuruhusu kuzuia ukataji huo halimfai mchoraji wa mbao ndefu.

Uzito wa faili nao ni sehemu ya uchaguzi. Picha ya simu janja inaweza kufika megabaiti 4, hivyo kazi 20 zilizopakiwa zilivyo ni megabaiti 80 za bando la mtazamaji. Zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,600 na kubaki kilobaiti 300 hivi kila moja, jalada zima ni megabaiti 6. Huduma nyingine hupunguza zenyewe, nyingine hazifanyi hivyo. Usitegemee, punguza kabla ya kupakia.

Masharti ya matumizi husomwa na wachache, nami naomba usome angalau sehemu inayohusu haki. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kungoja usajili. Kupakia picha kwa kawaida hakukunyang'anyi haki hiyo, bali hulipatia jukwaa ruhusa ya kuionyesha. Swali ni ruhusa hiyo imeenea hadi wapi, hasa sasa ambapo picha hutumika kufundishia akili mnemba. Mwezi Desemba mwaka 2022 wachoraji wa ArtStation walijaza kurasa zao picha za kupinga jambo hilo, na baadaye majukwaa kadhaa yakaweka alama ambayo mwenye kazi anaweza kuiwasha kukataa. Itafute katika mipangilio siku ileile unapofungua akaunti. Na kwa kuwa katika Tingatinga mafundi wengi hurithishana maumbo yaleyale, pakia tu ubao ulioushika kwa mkono wako na kuutia saini yako.

Ukibakiwa na majukwaa mawili, weka kazi sita zilezile katika kila moja, kila kazi ikiwa na jina, mwaka, vipimo kwa sentimita na aina ya rangi. Mtumie kiungo mtu asiyejua lolote kuhusu sanaa na mwenye simu ya bei ya chini, kaa karibu naye bila kumwelekeza, umwombe akuambie picha ya tatu ina ukubwa gani na angempataje mchoraji akitaka kuinunua. Chagua jukwaa ambalo alijibu bila kukuuliza. Nakala za picha zote, za ukubwa kamili, zibaki kwenye diski yako nyumbani, na tarehe ya kulipia jina la kikoa iandikwe kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa mbele.