Rimu za spoti: soma namba kabla ya kutoa hela
Ndugu zangu wa Dodoma, msikubali kuambiwa "ina nati tano, itaingia tu." Toyota za nati tano zipo ambazo kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati ni milimita 100, na zipo za 114.3. Dukani zinafanana kwa macho, lakini haziingiliani, na kumpa fundi atoboe matundu mapya ni kuchezea roho za watu.

Kisha tairi. Gari lililokuja na 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15), ukipanda rimu ya 16 weka 205/55. Ya 17 weka 225/45. Kipenyo cha nje kinabaki milimita 632 hadi 635, kwa hiyo mshale wa spidi haudanganyi. Ila tazama ubavu wa tairi: kutoka milimita 127 unashuka hadi 113, halafu 101. Kwa anayezunguka Area C na mjini, sawa. Wewe unayeacha lami kuingia vijijini Bahi au Chamwino, kwenye mawe na makorongo, ubavu mwembamba unapasuka na rimu inapinda. Mimi ningeishia 16, na kwa kweli hata 15 nzuri inapendeza.

Nati nazo: rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, za dukani nyingi hutaka nati za koni. Ukichanganya, zinalegea. Zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Na tundu la katikati ya rimu likizidi habu (kitovu cha gari kinachobeba rimu), dai pete za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka ukishika barabara ya Morogoro.