Kuchagua Kamera ya Kwanza ya DSLR na Lenzi Zake
Unaponunua kamera ya kwanza ya DSLR, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, usimalize fedha zote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa maana bodi hupitwa na wakati mapema ilhali lenzi nzuri hudumu. Lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera yatosha kujifunzia, ila ukumbini, penye mwanga hafifu, picha za watu wanaocheza hutoka na ukungu. Hapo lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani yenye tundu pana la kupitishia mwanga, ambayo kwa kweli ni nafuu, huingiza mwanga mwingi zaidi. Kwenye Canon yenye sensa (sehemu inayonasa picha) ndogo ya APS-C, lenzi hiyo huona eneo sawa na la milimita 80 kwenye sensa kubwa ya full-frame, jambo linalofaa sana kwa picha za sura. Anayechagua Nikon D3500 atafute lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P, yaani yenye mota yake ya kulengea, kwa sababu bodi hiyo haina mota hiyo.