Kuomba fedha za utafiti wa afya ya jamii za wachache: mwongozo kwa wauguzi walioko Uingereza

Fomu ya ombi ni kazi ya mwisho. Ukiifungua kabla hujaketi na jamii unayotaka kuitafiti, utakwama kwenye swali la namna ulivyowashirikisha wagonjwa na umma. NIHR, mfuko wa serikali wa utafiti wa afya, hulipatia swali hilo uzito mkubwa.

Anza kwa kuitaja jamii kwa jina. “Waafrika weusi” haitoshi. Katika misimbo ya ukabila ya NHS, huduma ya afya ya taifa, herufi N humweka Msomali, Mkongo, Mnigeria na Mbarawa (mwenye asili ya mji wa Barawa, pwani ya Somalia) kapu moja. Ukitaka kujua kama akina mama wa Kibarawa wa London wanakwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, kumbukumbu za kliniki hazitakujibu. Liandike pengo hilo waziwazi kwenye ombi, maana lenyewe ni sababu ya utafiti. Usilizibe kwa takwimu za Waafrika wote.

Swali likishakaa sawa, wasiliana na Research Support Service ya NIHR, huduma ya kuwasaidia waombaji. Ni bure, na ina wataalamu wa takwimu na wa mbinu za utafiti. Wafuate miezi kadhaa kabla ya siku ya mwisho; wiki mbili kabla, watakachoweza ni kusahihisha sentensi tu.

Kisha tafuta mdhamini. Hapa neno hilo huwachanganya wengi: mdhamini wa utafiti si lazima awe mtoa fedha. Ni taasisi, kwa kawaida hospitali yako au chuo kikuu, inayobeba dhima ya utafiti mzima. Nenda ofisi ya utafiti ya hospitali yako mapema, na mwombe meneja wako akubali kwa maandishi kukupunguzia zamu. Bila barua hiyo utajikuta ukifanya utafiti usiku.

Bajeti ndipo penye mitego. Weka mshahara wa atakayeshika zamu zako. Weka wakalimani, na weka tafsiri mara mbili: mtu wa kwanza anatafsiri fomu ya ridhaa, wa pili ambaye hajaona ya Kiingereza anairudisha kwenye Kiingereza, kisha mnalinganisha. Usidhani Kiswahili sanifu kinatosha kwa kila anayeitwa Mswahili. Wabarawa wana Chimwini chao, lahaja yao ya Kiswahili, na fomu iliyotafsiriwa kwa lugha ya Nairobi au Dar es Salaam huenda wakaielewa nusunusu. Kwa wasiosoma, tenga fedha za kurekodi sauti.

Wanajamii wanaokushauri walipwe. Mwongozo wa NIHR umetaja paundi 25 kwa kazi ya saa moja hivi, 75 kwa nusu siku na 150 kwa siku nzima. Nauli hulipwa kando, juu ya hizo. Lakini uliza kwanza: anayepokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anaweza kukatwa posho yake, na anayesubiri hifadhi huenda haruhusiwi kulipwa kama mfanyakazi. Kwa hao zungumza na ofisi ya utafiti kabla ya kuahidi chochote. Gharama za matibabu ya ziada zitakazotokana na utafiti zina fungu lake. Usizichanganye na za utafiti wenyewe.

Muhtasari wa lugha nyepesi mpe mtu asiye muuguzi ausome kwa sauti. Anapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.

Ukipata fedha, bado hujaruhusiwa kuanza. Utafiti ndani ya NHS hupita IRAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni, kupata kibali cha HRA, mamlaka ya utafiti wa afya, na ukiwahusisha wagonjwa, kamati ya maadili pia. Kamati ina siku 60 za kutoa maoni, na saa husimama inapokuuliza maswali. Kwa hiyo kwenye ratiba ya ombi usiweke mahojiano ya kwanza mwezi wa kwanza.