Kumfikisha wodini kabla nia haijapoa

Nchini Uganda, mtu aliyezama kwenye waragi (pombe kali) au unga (heroini) akisema "nipelekeni hospitali", maneno hayo huwa na umri mfupi. Asubuhi mikono inatetemeka, ametapika, watoto wamemwona, anakubali lolote. Saa nne, akishapata toti mbili, anauliza ni nani aliyesema yeye mgonjwa. Familia nyingi hukosea hapohapo: husubiri akubali, ndipo zianze kutafuta nauli, wodi, mtu wa kubaki naye na mtu wa kuangalia duka. Jioni inafika na nia imeshapoa. Pangeni kila kitu kabla hajakubali, ili siku hiyo kazi iliyobaki iwe kuita bodaboda tu.

Kwanza jueni kama kitanda kinahitajika kweli. Anayetafuna mairungi (miraa) au kuvuta bangi peke yake, akiacha atalala kupita kiasi au atakosa usingizi, atakuwa mkali, atanuna wiki nzima. Huyo hahitaji wodi ya kuondoa sumu, yaani ya kukatishwa kilevi chini ya uangalizi, isipokuwa amechanganyikiwa akili au anazungumzia kujiua. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili atibiwe akitokea nyumbani. Kitanda ni cha mnywaji wa kila siku ambaye bila glasi ya asubuhi hatulii, aliyewahi kuanguka kifafa au kuona wadudu wasiokuwepo alipokosa pombe, anayemeza vidonge vya usingizi kila siku kwa miezi, na mjamzito anayetumia chochote kati ya hivyo.

Watu huogopa vitu kinyumenyume hapa. Arosto ya unga, yaani mateso ya kuukosa, inatisha: huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, tumbo linaharisha, mifupa inauma, kisha hulegea ndani ya siku kumi hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayepewa maji ya kutosha, ni nadra imuue. Pombe, ambayo wengi huona ni kitu cha kawaida, ndiyo inayoweza kuua ikikatwa ghafla. Mtetemeko huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, kifafa huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, na siku ya pili hadi ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupata homa, moyo kwenda mbio na kuona vitu. Kwa hiyo kumfungia mlevi chumbani "ajifunze", au kumpeleka kwenye maombi ya kufunga siku tatu bila chakula wala dawa, ni kumweka peke yake katika saa za hatari kabisa. Vivyo hivyo mnywaji mkubwa anayekata pombe yote siku moja kwa ajili ya Ramadhani: nia ni njema, lakini amwone mhudumu wa afya wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Mchungaji au shehe asiachwe nje. Mwombeni amsindikize hadi wodini. Mzee akiona kiongozi wake amekaa kwenye benchi la hospitali, maneno ya kwamba ni uchawi hupungua yenyewe.

Sasa safari, ambayo ndiyo huharibu mipango mingi. Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 pembeni mwa Kampala, ina kitengo chake cha pombe na dawa za kulevya, na kila mtu hutaka mgonjwa wake aende huko. Lakini kutoka Arua ni karibu kilomita 500, basi la usiku kucha. Mtu aliyenyimwa pombe tangu mchana atafikia saa za kifafa akiwa kwenye kiti cha basi, giza, na kondakta akidhani ana mapepo. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Gulu, Lira, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara na Fort Portal, zina vitengo vya afya ya akili. Anzeni na iliyo karibu. Kama hata hiyo iko mbali, anzeni na kituo cha afya cha daraja la nne: mhudumu ampime, aandike barua ya rufaa, apige simu mbele kuuliza kama kuna nafasi. Walio kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyangwali waanzie kituo cha afya cha makazi, kwa kuwa rufaa hupitia hapo. Anayetumia unga na anayetaka methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, hapo ndipo Butabika ina sababu yake, maana huduma hiyo ilianza huko mwaka 2020.

Hadi afike mikononi mwa mhudumu, mnywaji mkubwa asikatwe pombe ghafla. Apewe kidogo kidogo, kiasi cha kutuliza mkono na si cha kulewa, mtu mmoja akishika chupa. Shangazi watashangaa, waelezeni. Jambo la kutofanya kamwe ni kumnunulia vidonge vya Valium (dawa ya kutuliza) dukani avimeze juu ya pombe: viwili hivyo pamoja huzima pumzi. Wodini dawa hiyohiyo hutumika, mara nyingi ikianza na miligramu 10 mara nne kwa siku na kupunguzwa ndani ya siku 3 hadi 7, lakini mtu anaangaliwa, na mwenye ini bovu hupewa kidogo zaidi. Njiani mkiona kifafa, kuchanganyikiwa au kutapika damu, teremkeni kwenye kituo chochote cha afya kilicho karibu.

Kuna kosa lingine dogo lenye madhara makubwa. Familia hupita kliniki ya mtaani kumwekea "dripu ya glukosi apate nguvu". Mlevi aliyekonda mara nyingi hana vitamini B1 mwilini, na glukosi ikitangulia inaweza kuumiza ubongo wake: macho kucheza, kuyumba, kupoteza kumbukumbu. Ulizeni thiamini, yaani hiyo B1, kwanza, kisha dripu.

Jinsi ya kulisema jambo lenyewe nayo ina saa yake. Msiongee akiwa amelewa, wala alfajiri anapotetemeka hadi hasikii. Subirini glasi ya kwanza imtulize, kabla ya ya tatu. Azungumze mtu mmoja anayemheshimu, mjomba au dada mkubwa, bila baraza la ukoo kumzunguka. "Utaacha lini?" huzaa ubishi. "Mzee, sista wa wodi anatungoja leo, twende akupime presha na ini, mimi nitalala huko na wewe" ni jambo analoweza kulikubali. Akikataa, msipigane, jaribuni tena kesho saa ileile, begi likiwa palepale.

Begi lenyewe: daftari la kuandikiwa na hospitali, kitambulisho cha taifa kama kipo, shuka mbili, blanketi, beseni, kikombe, chupa ya chai, sabuni, nguo za kubadilisha, na dawa zote anazotumia. Dawa za HIV na TB zisiachwe nyumbani kwa aibu. Rifampisini ya TB hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na asipomwambia daktari, arosto itamrudia akiwa wodini na ataonekana msumbufu. Wodi nyingi hutaka muuguzaji wa nyumbani, kwa hiyo pangeni zamu ya watu wawili. Mmoja peke yake huchoka siku ya tatu, yaani siku mgonjwa anapoomba sana kuondoka.

Wodi za jumla za serikali hazitozi ada tangu 2001, ila nauli, chakula cha muuguzaji na dawa iliyokwisha stoo hulipwa na nyinyi, kwa hiyo mwekeni mtu wa kutuma pesa kwa simu. Mfanyakazi wa kuajiriwa asitoroke kimya. Sheria ya Ajira ya 2006 humpa mgonjwa aliyefanya kazi angalau mwezi mmoja mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, ilimradi amjulishe mwajiri na alete cheti cha daktari kikitakiwa. Mama mwenye watoto hatoki nyumbani hadi ajue nani anawalisha; mpeni jina la mtu, kwa maneno ya "tutaona" hatatoka. Mjamzito anayetumia unga asiache ghafla, mtoto tumboni anaweza kuumia.

Polisi wasiwe njia ya kumpeleka. Kutumia unga ni kosa kisheria, na mnaweza kujikuta mnatafuta dhamana badala ya kitanda. Asibebe kitu mfukoni, wala asifiche kiasi anachotumia, kwa kuwa dozi ya wodi hupimwa kwa jibu hilo. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inaruhusu kulazwa bila ridhaa, ila kwa masharti na kwa uamuzi wa wahudumu. Kamba na vijana wa mtaa haviko kwenye masharti hayo.

Kwenye nyumba binafsi za kutibu waraibu, kabla ya kulipa, ulizeni: nani ana leseni ya kuandika dawa, muuguzi gani yupo saa nane usiku, kifafa kikitokea mnafanya nini, na je, tunaweza kumwona wiki ya kwanza? Wakijibu kwa kuonyesha geti na mnyororo, ondokeni.

Kuondoa sumu huchukua siku tano hadi kumi. Kabla hajaruhusiwa, ulizeni tarehe ya kliniki inayofuata na iandikwe kwenye daftari. Kwa mtumiaji wa unga ongezeni onyo hili waziwazi, hata kama linaudhi: mwili umeshasahau dozi ya zamani, na akirudia kiasi kilekile cha mwezi uliopita kinaweza kumzimisha pumzi. Asiwe peke yake nyumbani wiki hizo za mwanzo, na mlango wa bafu usifungwe kwa komeo.