Mzee mwenye moyo uliochoka: anza na mizani

Mama yangu naishi naye hapa Ujiji, Kigoma. Presha ya miaka mingi imeuchosha moyo wake. Daktari akikwambia moyo unashindwa kufanya kazi, usidhani umesimama. Unasukuma damu kwa nguvu pungufu, na maji yanabaki mwilini: miguuni, tumboni, hata kwenye mapafu. Ndiyo maana nasisitiza mizani kuliko kitu kingine chochote.

Kila asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai, mama anapanda mizani akiwa na kanga tu, nami naandika kwenye daftari. Ugali haumwongezi mtu kilo 2 ndani ya siku 3. Hayo ni maji. Uzito ukipanda hivyo, piga simu kliniki siku hiyohiyo, hata akisema hajambo. Wazee wetu hawapendi kusumbua. Mama atakujibu "sijambo, mwanangu" na huku ameongeza mto wa tatu ili apate pumzi usiku. Kwa hiyo hesabu mito. Mbonyeze pia kwenye muundi kwa kidole gumba. Shimo likibaki, amejaa maji.

Chumvi ndiyo vita yenyewe, hasa kwetu tuliokulia chumvi ya Uvinza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Migebuka mibichi, samaki wa Ziwa Tanganyika, naiunga kwa nyanya, kitunguu swaumu, ndimu na pilipili, na inalika vizuri kabisa. Samaki wa chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi nimeviondoa jikoni. Dagaa nawaonja kwanza; wakiwa na chumvi nawaloweka, maji namwaga.

Dawa ya kukojoa mpe asubuhi, asije akaamka gizani akaanguka. Miguu ikinywea asiache dawa, maana ndiyo iliyoifanya inywee. Akiumwa magoti, usimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni. Zinabakiza maji mwilini na kuumiza figo. Akiharisha au kutapika, piga simu upesi, asije akakaukiwa. Maji ya kunywa usimpunguzie kwa kubahatisha, daktari ndiye aseme kiasi.

Akishindwa kupumua akilala, akikohoa povu la pinki, akibanwa kifua, akizimia au akianza kuchanganyikiwa, usingoje kupambazuke. Mkalishe wima, miguu ining'inie, tafuta gari au bajaji, siyo bodaboda, mwende hospitali, kwetu Kigoma ni Maweni. Beba dawa zake zote na lile daftari.