Mambo ya kuzingatia kabla hujamuuliza mwenzio "umejibu nini?" baada ya pepa la historia ya Marekani

Mei ikifika, wanetu walioko sekondari za Marekani wanaingia kwenye mitihani ya AP (Advanced Placement, mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari), na pepa la historia ya Marekani huwa lina kelele zake baada ya kukusanywa. Nawaandikia wao na wazazi wao, hasa sisi tuliotoka Tanzania, Kenya na Kongo, ambako ukitoka tu chumba cha mtihani unakuta kundi limeshakaa chini ya mwembe linadiskasi, namba moja hadi ya mwisho, mpaka mwenye mkosi wake aanze kulia. Huku nako wanadiskasi, tena kwenye simu. Kuna mambo lazima yajulikane kabla.

Ya wazi niyamalize haraka. Lala mapema. Kula kitu. Tangu 2025 mtihani huu unafanyika kwenye kompyuta, ndani ya programu ya Bluebook, kwa hiyo hakikisha programu imewekwa na inafunguka siku kadhaa kabla, si asubuhi ile mlangoni. Kompyuta ichajiwe usiku na chaja ibebwe hata hivyo. Simu iache nyumbani ukiweza. Kwenye maswali ya kuchagua usiache pengo hata moja, kwa sababu kukosa hakukati alama. Haya mmeshaambiwa na walimu mpaka mmechoka.

Jua pepa limekaaje, maana ugomvi mwingi wa baadaye ni wa watu wasiojua wanagombea nini. Jumla ni saa 3 na dakika 15. Unaanza na maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 55, na hayo yanabeba asilimia 40. Yanafuata majibu mafupi matatu kwa dakika 40, asilimia 20. Baada ya mapumziko mafupi inakuja insha ya nyaraka: unapewa nyaraka 7 na dakika 60, ikiwemo robo saa ya kusoma, asilimia 25. Mwisho insha ndefu, ambayo unachagua swali moja kati ya matatu, dakika 40, asilimia 15. Sasa piga hesabu. Swali moja la kuchagua halifiki hata asilimia moja ya mtihani mzima. Nimeona kijana wa miaka 16, mrefu kunizidi, akifuta machozi kwenye maegesho ya shule kwa ajili ya hiyo robo tatu ya asilimia.

Yale mapumziko ya katikati yaogope kuliko mtihani. Hapo ndipo anajitokeza mtu wa "lile la katuni umeweka B au C?" Kwanza ni marufuku kujadili maswali wakati huo, na ni marufuku kugusa simu. Lakini hata kama isingekuwa marufuku: sehemu hiyo imeshafungwa, hurudi tena, na mbele yako kuna insha mbili zenye asilimia 40. Nenda chooni, kunywa maji, simama peke yako. Mwenzio akikusogelea mwambie tutaongea baadaye, kisha ondoka. Hakuna adabu inayovunjwa hapo.

Halafu sheria. College Board, wenye mitihani hii, wanakusainisha kabla ya kuanza, na watoto wengi wanabofya bila kusoma. Maswali ya kuchagua hayajadiliwi kamwe, na mtu yeyote, si leo wala baada ya matokeo, iwe kwa mdomo, kwa ujumbe au kwa utani wa picha mtandaoni. Maswali ya kuandika yanaruhusiwa kujadiliwa pale tu wanapoyatoa hadharani kwenye tovuti yao, kwa kawaida siku mbili hivi baada ya mtihani. Na kama swali lako halimo kati ya yaliyotolewa, basi nalo ni siri. Anayevunja anaweza kufutiwa matokeo. Mzazi wa kwetu anaona huu ni ukali usio na maana, kwani pepa si limeshakwisha? Halijakwisha. Mwezi wa Mei, Hawaii iko nyuma ya New York kwa saa 6, na kuna walioumwa watakaofanya wiki zinazofuata. Unachokitangaza wewe saa sita mchana, mwenzio hajakiona.

Jambo lingine ambalo watoto hawaliamini mpaka liwakute ni kwamba si lazima wewe na jirani yako mmefanya pepa moja. Matoleo yapo zaidi ya moja. Unamsikia mtu anasimulia insha ya nyaraka kuhusu jambo ambalo hukulisoma popote, moyo unapasuka, unadhani umeruka ukurasa. Hukuruka kitu. Yeye alipewa lake, wewe lako.

Walioko jimbo la New York na wanaofanya Regents, yaani mtihani wa jimbo hilo, ya historia ya Marekani, yenu ni rahisi zaidi. Jimbo lenyewe linachapisha pepa na mwongozo wa kusahihisha baadaye, na pepa za miaka ya nyuma ziko wazi kwa kila mtu. Ninyi subirini mwongozo utoke. Nirudi kwenye AP.

Sasa kubwa lenyewe: usiingie kwenye mjadala wa insha siku ile, hasa kama una pepa jingine mbele. Hili nimelishuhudia kwa mpwa wangu, hapa Lexington, Kentucky, mwaka 2018, enzi bado wanaandika kwa kalamu kwenye vijitabu. Ilikuwa Ijumaa. Mama yake alikuwa zamu, nikaenda kumchukua mimi. Alitoka anacheka, anatikisa mkono wa kulia. "Mjomba, nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi." Swali la nyaraka la mwaka ule lilishatolewa hadharani zamani, kwa hiyo naweza kulitaja: lilitaka mwanafunzi apime uzito wa sababu mbalimbali zilizoikuza nafasi ya Marekani duniani kati ya 1865 na 1910. Alinieleza yote kabla hatujatoka getini. Yeye aliweka mbele imani ya Wamarekani weupe wa wakati ule kwamba wao ni bora na wana wajibu wa kuwafundisha wengine ustaarabu, wamisionari wakiwemo, akatumia Ufilipino baada ya vita vya 1898 na Uhispania. Masoko na viwanda aliviweka nafasi ya pili. Nikaona binti yuko vizuri.

Tulipofika kwenye taa za kwanza akawasha simu. Kundi la darasa lilikuwa limeshawaka moto. Mtu mmoja amebandika nondo zote kwa mpangilio: viwanda vinatafuta masoko, Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la majini, na hoja yake ya nguvu ya majini, vituo vya makaa ya mawe kwa ajili ya meli, Hawaii kunyakuliwa 1898, biashara ya China. Chini yake wenzake kumi wanaitikia kama kwaya, ndiyo, ndiyo, hata mimi uchumi. Akaacha kucheka. Akaniuliza, "Mjomba, kwani mimi nimesoma swali gani?" Maswali ya kuchagua nayo yalianza kutajwa humo humo. Nikamwambia atoke. Hakutoka.

Jumamosi kitabu cha biolojia kilikuwa mezani, kimefunguliwa ukurasa wa vimeng'enya, na Jumamosi jioni kilikuwa ukurasa ule ule. Simu iko mapajani. Mjadala ulikuwa umeshahamia kwenye kama vita na Uhispania ni sababu au ni matokeo, na kama Alaska iliyonunuliwa kwa Urusi 1867 inahesabika. Jumapili akajikaza akaandika hoja yake. Akajibiwa na kijana anayeshika namba moja darasani, kwa neno moja: umekosea. Ugali hakuugusa. Mama yake anauliza mtoto ana nini, anaambiwa historia, naye anasema si mtihani umeshapita?

Pepa la biolojia lilikuwa Jumatatu asubuhi. Matokeo yakatoka Julai, ya juu kabisa ikiwa 5. Historia, ile "aliyokosea", 4. Biolojia 2. Kozi aliyokuwa anaitaka chuo ilitegemea ile ya pili.

Sasa sikilizeni kwa nini ubishi ule wote ulikuwa wa bure. Insha ya nyaraka ina alama 7, na hakuna hata moja iliyoandikwa "masoko". Alama 1 ni ya hoja kuu inayoweza kutetewa. Alama 1 ni ya muktadha, yaani kilichokuwa kinaendelea kabla na pembeni ya suala. Alama 3 ni za ushahidi: mbili za jinsi ulivyozitumia nyaraka, na kwa utaratibu wa sasa unahitaji angalau nyaraka 4 kuunga mkono hoja yako ili uzipate zote mbili, na moja ya ushahidi wako mwenyewe ulioutoa nje ya nyaraka. Alama 1 ni ya kuchambua angalau nyaraka mbili: nani aliandika, kwa nani, kwa lengo gani, katika hali gani. Ya mwisho ni ya kina cha uchambuzi. Msahihishaji anaweza kusoma insha mbili zinazopingana kabisa, moja ya uchumi na moja ya itikadi, akazipa zote alama sawa. Kwa hiyo ukimuuliza mwenzio "umeandika sababu gani?" umeuliza kitu ambacho hakisahihishwi. Maswali ya maana ni haya: ulitumia nyaraka ngapi? Uliweka cha nje? Na hayo unajijibu mwenyewe, huhitaji kundi.

Kwa hiyo panga kabla. Usiku wa kuamkia mtihani, jitoe kwenye kundi la darasa au lizimishe mlio mpaka pepa lako la mwisho liishe. Wiki za AP ni mbili na mapepa yanafuatana. Watangazie marafiki mapema kwamba wewe hutajadili, ili siku yenyewe wasikuone unaringa. Kama unaona huwezi kujizuia, mpe simu mtu mzima. Ukitaka kweli kujipima, subiri maswali ya insha yatolewe, chukua utaratibu wa alama, kaa na mwalimu wako mwishoni mwa mitihani yote.

Wazazi nanyi. Msimpokee mtoto kwa "ilikuwaje, umefaulu?" Muulizeni kama ana njaa. Na mjue alama hizi ni 1 hadi 5, si asilimia. Nimemsikia baba mmoja akigomba kwamba 3 kati ya 5 ni wastani wa aibu, wakati vyuo vingi vinaikubali 3 na kumpunguzia mtoto somo na ada, ingawa vingine vinataka 4 au 5. Angalieni chuo chenyewe kinasemaje kabla ya kufungua mdomo.

Msiruhusu pia mtoto afute matokeo kwa hasira. Utaratibu wa kufuta upo, una tarehe ya mwisho katikati ya Juni kwa anayetaka yasifike chuoni mwaka huo, na nimeona wanaotaka kuutumia kwa sababu tu ya yaliyosemwa kwenye kundi. Yakishafutwa hayarudi, na ada hairudi.

Vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyodai kukupa alama yako kabla ya Julai, ukivifungua ujue unavilisha makisio yako mwenyewe. Anayekuuzia "pepa lililovuja" usimjibu hata kwa utani, maana ujumbe unabaki. Picha ya skrini yenye swali ikikufikia bila kuomba, usiitume mbele, mwonyeshe mwalimu. Usiweke kwenye mtandao wa kijamii kichekesho chochote kuhusu katuni uliyoiona kwenye pepa, hata kama kila mtu ameweka. Na nywila ya akaunti yako ya College Board iandikwe mahali sasa hivi, kwenye daftari, kwa sababu Julai nusu ya watoto ninaowafahamu huwa wanaanza kuitafuta siku ile ile ya matokeo, na barua pepe waliyojisajilia ni ya shule waliyoihama.