Kubadili vipimo vya eneo shambani: kutoka sentimita za mraba hadi hekta

Lebo ya kiuagugu inasema lita 3 kwa hekta. Mkulima ana kipande cha mita 45 kwa 60. Aweke dawa kiasi gani? Mimi ni afisa ugani, na swali la namna hii nakutana nalo kila msimu wa kupanda. Jibu lake linataka kubadili kipimo cha eneo, na anayekosea hapo huunguza mazao au hunyunyizia maji matupu. Nafuata hapa utaratibu uleule ninaoutumia tukiwa tumesimama shambani na futi kamba mkononi.

1. Pande zote ziwe katika kipimo kimoja, ndipo uzidishe

Tuta la kitalu lina upana wa sentimita 120 na urefu wa mita 10. Ukizidisha 120 kwa 10 unapata 1,200, lakini 1,200 ya nini? Si sentimita za mraba wala mita za mraba. Geuza upana kwanza: sentimita 120 ni mita 1.2. Kisha 1.2 × 10 = mita za mraba 12. Ukizoea kugeuza pande kabla ya kuzidisha, kazi nyingi zitaishia hapa na hutahitaji hatua zinazofuata.

2. Elewa kwa nini eneo linaruka mara 100

Zile ngazi za shule ya msingi bado unazikumbuka: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Kwenye urefu, kila ngazi ni mara 10. Kwenye eneo, kila ngazi ni mara 100, kwa kuwa upana umebadilika na urefu pia umebadilika.

Usikariri tu. Chukua kijiti, chora kwenye udongo mraba wenye upande wa mita moja. Gawa kila upande sehemu 10, halafu unganisha mistari. Hesabu vijiraba: ni 100, na kila kimoja ni desimita moja ya mraba. Kigawe kijiraba kimoja vivyo hivyo, utapata sentimita za mraba 100 ndani yake. Kwa hiyo mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, si 100. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: wanajua mita ina sentimita 100, basi wanaigawa kwa 100 hata namba ya eneo.

Ukipanda juu ya mita, dekamita ya mraba ni mita za mraba 100. Kipimo hiki Wafaransa walikiita ari katika sheria yao ya vipimo ya mwaka 1795. Huku kwetu hakitumiki, ila hekta imetoka kwake, maana hekta ni ari 100. Hekta moja basi ni mita za mraba 10,000, sawa na mraba wa mita 100 kwa 100. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100.

3. Sogeza nukta tarakimu mbili kwa kila ngazi

Ukienda kwenye kipimo kidogo, zidisha. Ukienda kwenye kikubwa, gawanya. Kutoka mita za mraba hadi hekta ni ngazi mbili, hivyo nukta inasogea tarakimu nne kushoto. Tarakimu zikipungua, jaza sifuri: mita za mraba 85 ni hekta 0.0085.

Turudi kwa mkulima wetu. 45 × 60 = mita za mraba 2,700, yaani hekta 0.27. Dawa ni 3 × 0.27 = lita 0.81, au mililita 810. Angegawanya kwa 1,000 badala ya 10,000, angepata hekta 2.7 na kumwaga lita 8.1 kwenye kipande kilekile.

4. Nafasi ya upandaji

Mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo: kila mche unachukua sentimita za mraba 2,250, ambazo ni mita za mraba 0.225. Gawanya 10,000 kwa 0.225, unapata miche 44,444 kwa hekta. Kwenye zile mita za mraba 2,700 ni miche 12,000.

5. Ekari ya 70 kwa 70

Ekari haimo katika mfumo wa metriki, lakini hakuna kijiji utakachofika usiikute. Ni mita za mraba 4,047 hivi, au hekta 0.4047. Wazee wanaipima kwa miguu, yaani kwa kuhesabu hatua, 70 kwa 70, na wako karibu sana na ukweli: mguu wa mtu mzima ukiwa yadi moja, miguu 70 ni kama mita 64, na 64 × 64 ni 4,096. Tatizo limeanza tulipochukua ile 70 na kuiita mita. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Ukitawanya humo mbolea iliyopimwa kwa ekari moja, kila mche unapata pungufu kwa takriban asilimia 17. Kwa hiyo muulize mkulima: 70 za miguu au za futi kamba?

6. Kagua jibu kwa macho

Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, yaani hekta 0.714. Jibu likikwambia kipande kidogo kuliko uwanja kina hekta 2.7, rudia hesabu.

7. Ukifanya kazi na ramani

Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500. Usizidishe eneo la ramani kwa 50,000; geuza upande kwanza, kisha zidisha: 500 × 500 = mita za mraba 250,000. Kila sentimita ya mraba ni hekta 25, na mraba wa gridi wa sentimita 2 kwa 2 ni kilomita moja ya mraba. Bonde la malisho linalofunika sentimita za mraba 6 lina hekta 150.